Mvua ya Muuza Madafu

Wanaosema tulimfunga Paulina waje waniambie mimi usoni. Kamba iko wapi? Mlango gani ulipigwa kufuli? Mimi Loisi ndiye niliyewapikia watu wa filamu tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na Paulina ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, nimemlea mwenyewe hapa Mvumi tangu hajaota meno. Hakuna aliyemgusa. Tulikaa naye tu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuimba na kuchekesha. Paulina aliigiza muuza madafu kisiwani, wanaume wawili wanamgombania, na kila wakigombana wanaimba, mwisho harusi. Kwa jina alilokuwa nalo la uimbaji angeweza kwenda kuicheza Pwani kwenye bahari ya kweli, lakini alisisitiza ifanyike kwao, ili sisi ndugu zake tupate kazi. Bahari ikawa bwawa letu, maji kidogo katikati na tope pembeni. Minazi ililetwa na lori, ya plastiki, na siku ya pili mbuzi wa mzee Silvano wakatafuna makuti. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini kicheko chetu kilikuwa cha juu juu. Desemba tulipanda, uwele ukaota vizuri, halafu mvua ikakata. Ilikuwa wiki ya tano bila tone. Majani yalijikunja mchana, na jioni hayakukunjuka. Nilikuwa na ekari mbili na mbegu nyingine sina, na nyumba zote za jirani zilikuwa hivyo hivyo.

Siku ya wimbo wa mvua lilikuja boza la maji ili wamnyeshee Paulina kwa mpira. Pampu ikagoma, na jenereta nalo likazima. Kwa kawaida waliwasha wimbo uliorekodiwa, yeye akachezesha midomo. Siku hiyo Erick, mwongozaji wao, kijana wa mjini mwenye haraka zake, akamwambia aimbe kwa koo lake mwenyewe, mvua ataiweka baadaye kwenye kompyuta. Paulina akaimba.

Ikanyesha. Jua linawaka, wingu hata la dawa hakuna, na matone makubwa ya baridi yanatushukia kichwani. Kilichonisimamisha nywele si mvua, ni ukimya wake. Nilikuwa chini ya bati la jiko, bati linalopiga kelele hata kwa manyunyu, na sikusikia kitu. Maji yalichuruzika ukingoni mbele ya macho yangu bila sauti. Paulina alipofunga mdomo, ikakata pale pale.

Watu wa filamu walirukaruka kwa furaha. Sisi tulikimbilia mashambani. Sauti yake ilikofika, udongo ulikuwa umelowa mpaka chini. Isikofika, vumbi.

Jioni mzee Silvano alinijia na redio yake ya kadi, ile anayochungia nayo.

"Loisi, sikia hii. Imeharibika?"

Ulikuwa wimbo wa kwanza wa Paulina, uliomtoa. Ngoma ilikuwepo, gitaa lilikuwepo, waitikiaji walikuwepo. Pale pake yeye palikuwa kimya, kisha waitikiaji wanaitikia kitu ambacho hakuna aliyekisema. Nikafungua kwenye simu yangu, ni vile vile. Nikamwita Paulina, nikamwambia auimbe huo mmoja. Alifungua mdomo, midomo ikacheza, kifua kikapanda na kushuka, na hakikutoka kitu. Nyimbo nyingine aliziimba vizuri tu.

Kesho yake Erick alitaka arudie ili apate picha za upande mwingine. Kwanza waliwasha ule wa kurekodiwa, na jua likaendelea kuwaka. Paulina akaimba mwenyewe, ikanyesha, na wimbo wake wa pili ukapotea kwenye simu zote za kijiji. Alinifuata jikoni, nguo zinachuruzika.

"Mama, mvua hii inanila," akasema. "Kesho naondoka na gari."

Asubuhi watu walikuwa wameshafika. Walikuja na kuku, mayai, karanga, wakaketi njiani mbele ya gari, wazee kwa akina mama. Walitusalimu kama desturi yetu: mbukwenyi, mmeamkaje, kifua cha mtoto kinaendeleaje. Hakuna aliyesema neno baya. Paulina alipopanda gari, hawakusogea. Dereva akapiga honi, wakamwitikia kwa kumpungia mikono. Paulina aliposhuka, walinyanyuka wote, wakakung'uta nguo zao, wakapisha. Erick aliona hivyo, akafunga kamera zake na kuondoka na watu wake wote. Hakurudi kumwangalia, na huyo ndiye anayetusema sisi.

Walikaa hivyo kila siku. Tukiamka wapo. Jua likiwa kali wanahamia kivulini na kurudi. Uwele uliokuwa umelala ulisimama, ukaanza kutoa masuke, na Silvano akaniuliza kwa upole kama mtoto amepumzika vya kutosha.

Siku hiyo Paulina alikuwa amekaa karibu yangu akichambua mlenda. Alisema bila kuniangalia.

"Wewe watakupisha, Mama. Ukinishika mkono tukatoka pamoja, watakupisha. Niambie tu."

Kweli wangenipisha. Nilijua hivyo wakati ule na najua sasa. Nilitazama mlangoni, nikaona shamba langu, masuke yote yameelekea nyumba yangu.

"Imba huu mmoja, mwanangu," nikamwambia. "Mmoja tu."

Basi, nimesema. Mimi ndiye niliyesema.

Alikuwa na nyimbo tisa. Nilisema mmoja tu mara saba. Kila mvua ilishuka kimya vile vile, na kila ikikata Silvano alikuja kuonyesha redio yake, gitaa likilia peke yake. Machi ikafika, nyimbo zimekwisha, na nafaka ilikuwa bado ya maziwa, haijakomaa, inahitaji maji mara moja ya mwisho. Watu waliketi. Hawakumwomba. Paulina alitoka uani, akasimama katikati yao, akaimba bembelezo aliloimbiwa na mama yake, ambalo mimi pia nilimwimbia nikiwa nimembeba mgongoni.

Mvua ile ilinyesha nusu siku nzima. Tangu hapo Paulina hajatoa sauti, hata ya kikohozi. Na mimi, kila nikijaribu kulikumbuka bembelezo lile, namwona mdogo wangu ameketi na mtoto mapajani, midomo inacheza, na simsikii. Sauti ya mdogo wangu imetoka kichwani mwangu. Nililia siku ile kuliko siku tuliyomzika.

Tulivuna mpaka maghala yakakataa. Filamu ilionyeshwa Dodoma mjini, nikaenda kuiona. Paulina anacheza chini ya minazi ya plastiki, anatabasamu, mvua inamlowesha, mdomo wazi, na hakuna kinachosikika. Watu walicheka, wakapiga kelele spika zirekebishwe. Nilitoka kabla ya harusi.

Anaishi kwangu. Analima, anachota maji, anacheka kwa macho. Ugali wa uwele wa mwaka ule hajauonja. Kila siku nampikia sufuria yake ndogo ya wali, na hatujawahi kulizungumzia.

Sasa ni Januari nyingine. Tulipanda, uwele ukaota, mvua ikakata, na leo ni wiki ya nne. Asubuhi hii nimefungua mlango nikamkuta Silvano amesimama na kuku kwapani, na nyuma yake njia imejaa watu.

"Mbukwenyi, Loisi," akasema. "Kifua hakijambo?"

Nikamwuliza kifua changu kinamhusu nini.

"Damu yenu ni moja," akasema kwa ule upole wake. "Na kwaya ya kina mama umeimba miaka ishirini."

Nikamwambia sauti yangu ni ya kukwaruza, haifai, aende zake. Akatikisa kichwa, akaniuliza kama nimepumzika vya kutosha. Nikageuka kumtafuta Paulina, anishike mkono tutoke pamoja, kwa sababu yeye wangempisha.

Alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka na mkeka mkubwa, akautandika kivulini, akaunyoosha pembe zote nne kwa viganja, akawakaribisha kwa mikono miwili. Wakaketi, wazee mbele. Kisha akaleta kigoda changu cha jikoni, akakiweka mbele yao, akanitazama.