Gauni la Kumtuliza Mdogo Mtu

Fundi cherehani na mdogo wake wa kike, fundi bomba, walipanga vyumba vinavyotazamana katika nyumba yenye wapangaji wengi. Mdogo mtu alivaa suruali, akanyoa kipara, na akirudi kazini alicheka mpaka watoto wa jirani wakaamka. Majirani walimpachika jina la Dume. Naye akiitwa, anaitika.

Hilo ndilo lililomchoma dada mtu. Yeye tangu aolewe alipima kila kitu: urefu wa sketi, sauti ya kicheko, hata salamu. Zamani alipenda kuimba. Mawifi wakaguna, akaacha. Halafu huyu, waliyenyonya naye ziwa moja, anaishi kama vile watu hawana macho!

"Hivi mdogo wako unamwacha tu?" mama mwenye nyumba alimuuliza wakianika nguo. "Watu wanasema hana wa kumwambia."

Dada mtu hakungoja aambiwe mara mbili. Alishona gauni refu la maua, mikono hadi viganjani, akampelekea.

"Vaa. Mama hana raha na mavazi yako."

"Mama kasema?"

"Kasema."

Mama yao hakuwa amesema lolote.

Mdogo mtu akalivaa. Gauni na mtaro haviendani, basi akaacha ufundi, akapata kibarua cha kuuza katika duka la vyombo. Akafuga nywele, akashusha sauti. Majirani wakafurahi kama wamezaa wao.

"Mdogo wako ana heshima, jamani!" alisema mama mwenye nyumba. "Tena usinielewe vibaya, kakuzidi hata wewe."

Dada mtu aliondoka bila kuaga. Miaka yote amejibana, hakuna aliyewahi kumwambia hongera. Huyu wa juzi tu ndiye anayesifiwa! Jioni alipomwona anainama kumwamkia mpangaji mmoja mzee, uzalendo ukamshinda.

"Acha kujitia mtakatifu! Kila kitu lazima unizidi, hata utulivu?"

Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine.

"Dada, gauni umenishonea mwenyewe. Ulitaka nini hasa?"

"Nilitaka nawe ubanwe kama mimi! Mama hakusema kitu. Ni mimi!"

Mdogo mtu akaingia ndani, akalivua gauni. Wiki haikuisha akahama, akarudi kwenye mabomba yake. Uani umbea sasa ukawa wa dada mtu: mwenye kijicho, mchonganishi. Alipita katikati yao kichwa chini, akashangaa kwamba hakufa.

Jumapili moja alimfuata mdogo wake. Alimkuta chini ya sinki, suruali imelowa.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Hiyo tutaongea. Kwanza nishikie hapa, kwa nguvu."

Dada mtu akapiga magoti, akalishika bomba. Maji yakamrukia kifuani. Aliitazama mikono ya mdogo wake ikizungusha spana bila wasiwasi, na bado akaionea wivu.