Tela Kihambani

…na kama nia ilikuwa njema kwa nini magurudumu, hilo ndilo Mektrida hakulipatia jibu, nyumba gani ya mtu mwenye nia njema inakuwa na magurudumu, akajiweka sawa juu ya kile kitanda chembamba ndani ya tela la mwanawe, mikono mapajani, kitenge kimefungwa mpaka kwapani, na chini yake huo mkeka wa umeme ambao Fredy alimwambia, kaa hapo Mama, usiinuke, tunataka tuone mkeka ukikaliwa na mtu betri inashuka kiasi gani, kana kwamba hakuna gunia la mahindi la kuweka hapo, naye alimwambia hivyo, weka gunia, Fredy akacheka akasema gunia haliwezi kutuambia joto limefika, haya, akakaa, mlango ukarudishwa, na sasa wao wawili wako nje na yeye yumo ndani kama kuku anayengoja sikukuu, anasikia minong'ono tu kupitia ukuta huu mwembamba, waya… chaji… hapana, upande huu… na ile tepu, tepu aliiona kwa macho yake, huyo fundi Gidioni alishuka kwenye pikipiki, akamwamkia shikamoo vizuri tu, kwa adabu zote, halafu akatoa tepu mfukoni akaanza kupima kutoka kwenye tela hadi kwenye kaburi la mumewe Kastori, na kutoka kaburini hadi kwenye mgomba, ati anatafuta urefu wa waya, waya gani huo, kwa jirani pale juu barabarani mambo yalianza hivyo hivyo, tepu na vicheko na shikamoo mama, mwisho masale ya mpakani yakang'olewa, masale yaliyopandwa na babu wa babu yao, leo pana geti na vijumba vya watalii na wenyewe wako Mabogini wanapigana na mbu kwenye mpunga wa watu, la, Mektrida hatoki hapa, atatoka kwa kubebwa na hatabebwa mbali, ni hapo tu pembeni ya Kastori, nafasi yake ipo.

Mkeka bado baridi, au ana baridi yeye, Julai ya huku Kibosho haina huruma, ukungu umeshuka tangu juzi hata mlima Kibo haujaonekana, na hilo ndilo jambo la kwanza lililomchezesha machale, Julai, maana nani anarudi nyumbani Julai, watu wanarudi Desemba, magari yanapanda na mbuzi na soda na watoto wanaoongea Kiswahili cha Dar, ukimwona mtu kihambani, shambani kwa ukoo, Julai ujue kuna msiba, na hakuna aliyekufa, "Mama kuwa macho na huyo mdogo wangu," Basili alimwambia kwenye simu siku ile ile tela lilipoingia, Basili ndiye mkubwa, anakaa mjini, ana akili za mjini, "mtu haji na nyumba kwenye uwanja wa mwenzake bure, na kile chumba kifunge, ufunguo ukae nao wewe," akakifunga, chumba cha Fredy, na hili nalo lilimtia wasiwasi zaidi, kwamba Fredy hakuuliza, aliona kufuli akapita kama hajaliona, mtoto wa mwisho, nyumba hii ni yake kwa mila, kila mtu anajua, sasa mwenye haki yake anaona kufuli ananyamaza, huyo si ana lake jambo… akaja na hadithi ya watalii, kwamba wapo watalii wasiotaka hoteli, wanataka kulala shambani waone kahawa, kwamba tela alilipata kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, kwamba atalijaribu kwanza yeye mwenyewe, akiweza kulala humo Julai kwa betri na jua peke yake basi mtalii naye ataweza, na Mektrida akamwambia, si uvute waya kutoka kwangu, umeme upo, akasema hapana Mama, huko juu msituni nitakakoliweka hakuna nguzo, nataka nizoee bila nguzo, hapana, hapana, kila kitu cha mama hapana, hata uji anaunywa amesimama kama mpita njia, unamkaribisha ndani anasema viatu vina tope.

Halafu mambo ya joto lenyewe, alianza na kile kidude cha kupuliza hewa moto, kikakausha betri yote kabla hata jogoo hajafikiria kuwika, asubuhi Fredy akatoka na koti na kofia, midomo imekauka, ndipo fundi akamwambia kwa simu kwamba hewa ya nyumba haipashwi kwa betri ndogo kama hii, pasha mwili wa mtu, nunua mkeka, bandika sponji ukutani, akabandika, ndiyo hii inayonuka gundi… watu wa zamani wangemcheka, yeye mwenyewe alipoolewa alikuta ng'ombe wa mama mkwe wanalala ndani, nyuma ya fito, pumzi zao zikipasha nyumba nzima bila waya, na Fredy naye alikuwa mtoto wa baridi, miguu barafu, alikuwa anaitia chini ya tumbo la mama yake usiku, anaisukuma pale, na Kastori anasema mwache, huyo ndiye wa mwisho… aa, yaache hayo, hayo ndiyo yanayompumbaza mtu akavuliwa nguo anajiona.

Kwa sababu baada ya mkeka ndipo ombi lenyewe likatoka, "Mama, huu mgomba mmoja tu naomba niukate, unaikinga paneli jua," na paneli ameiweka wapi, pembeni ya kaburi la baba yake, ati ndipo palipo wazi pekee, na mgomba wenyewe ni ule alioupanda Kastori kwa mkono wake, una mkungu tayari, ndio wa kuanza nao huo, leo mgomba kesho kahawa, kihamba kikishakuwa cheupe mnunuzi anaona vizuri, akamkatalia, na Fredy badala ya kubisha akasema sawa, akaeleza tu taratibu, kama mwalimu wa darasa la pili, kwamba jani moja likifunika kona moja, paneli nzima inalala, si kona tu, yote, na Mektrida alidhani ni uongo lakini alilitia akilini… jani moja… na tangu siku hiyo kila asubuhi Fredy akienda barabarani yeye huenda pale kama mtu anayetazama migomba yake, anaushika ule mti wa panda unaoegemeza mgomba usiangushwe na mkungu, anausogeza kidogo, kidogo tu, mgomba unalala kwa huku, jani linajilaza juu ya kile kioo cheusi, basi, nani atamuuliza mwanamke wa Kichaga kwa nini anaegemeza mgomba wake, na baridi itafanya kazi iliyobaki, atachoka, atafunga tela lake nyuma ya gari la mtu, ataondoka na magurudumu yake, na Mektrida hatakuwa amemfukuza mtoto, mdomo wake utakuwa safi, hata kwa Padri hana la kuungama.

Akatazama huku na huku, maana mtu akifungiwa ndani macho hayakai, na hapo hapo akaona vitu, akajua, ndiyo, amehamia huyu, kikombe kimoja, sahani moja, rozari ya baba yake kwenye msumari, picha ya wale mabinti wake wawili na sare za shule, na kule kwenye ndoano, ndani ya nailoni, suti, suti ya kijivu, ile ya harusi, sasa mtu anayejaribu biashara ya watalii anakuja na suti ya harusi ya nini, anakuja na vyeti vya shule ndani ya bahasha ya kaki vya nini, huyu amekuja kukaa, mpango umeiva, na Gladness mkewe yumo kwenye mpango, ndiyo maana hajapiga simu tangu Pasaka, na Fredy ukimuuliza ni jibu lile lile, Gladness yupo, anakusalimia, yupo, anakusalimia, kama redio…

"Kaka, hebu njoo uone," sauti ya Gidioni, karibu kabisa, upande wa kaburi, "huu mti umesogezwa. Shimo la jana lile pale, bado bichi."

Akatega sikio, shahidi mbele ya mshitakiwa au mshitakiwa mbele ya shahidi hata hakujua, atasema upepo, ndiyo, upepo, au nguruwe pori, nguruwe pori hawapandi huku lakini fundi wa mjini atajuaje…

"Najua," Fredy akasema.

"Nani anasogeza sasa?"

"Mama."

"Bi mkubwa? Kwa nini?"

"Anadhani nimekuja kuuza kihamba. Usiurudishe, acha hivyo hivyo. Ukiurudisha atajua nimemwona."

"Sasa kaka si umwambie ukweli? Hii baridi si ya mchezo."

"Nimwambie nini, Gidi. Kwamba Gladness amenitolea vitu vyangu nje, kwamba watoto walikuwa wanaangalia dirishani? Mwenzio nimeshindwa hata kulitamka. Acha apate amani kwanza. Nitavaa makoti mawili."

…makoti mawili, na yeye anayasikia haya akiwa amekalishwa juu ya chaji yote iliyopatikana leo, ile kidogo iliyopenya chini ya jani, wameimalizia kwake… vitu nje, suti, kumbe suti, mtu hachagui, anatupiwa, anaokota kilichoanguka, suti na vyeti na picha, anaviingiza kwenye kitu chenye magurudumu kwa sababu hana uhakika kama hata hapa ataruhusiwa kusimama, na nguzo, hakutaka umeme wangu usije ukaisha kwenye mita nikauliza, na viatu vina tope, na kufuli… na Basili, Basili alijua, hawezi kuwa hakujua, wanaongea hao, alijua mdogo wake ametolewa kwake na badala ya kusema mpokee Mama alisema funga chumba, kwa nini, anataka nini Basili, au naye amefichwa kama mimi, sijui, simwamini tena, wala simshitaki, nimeshitaki vya kutosha… lakini Basili hakuushika ule mti, mikono ni hii, hii hapa mapajani, na mtoto alikuwa anaiona kila asubuhi, amesimama wapi, nyuma ya kahawa labda, anamtazama mama yake akimnyima jua, halafu anakuja kunywa uji anasema asante Mama, na siku zote nimekuwa nikijiuliza amekuja na hila gani, sikujiuliza nimekuwa mama gani hata mwanangu akipata shida inambidi atafute watalii ndipo apate sababu ya kuja nyumbani.

"Mama," Fredy akaita kutoka nje, sauti ile ile ya kila siku, ya mtu asiye na tatizo lolote, "joto limefika?"

Lilikuwa limefika zamani, limempanda mgongo wote mpaka mabegani, lakini mashavu yalikuwa yamelowa na ncha ya kitenge haikutosha kuyafuta, na akisema ndiyo watafungua mlango.

"Bado, baba," akasema. "Ngojeni kidogo."