Weka Shavuni, Usitafune

Mimi Minza sijui kuongea taratibu. Wanangu wanalijua hilo, majirani zangu wa Mwamapalala wanalijua, na tangu mwezi wa saba Kapteni Sylvester naye analijua. Kwa hiyo nikipandisha sauti mnivumilie, ndivyo nilivyoumbwa.

Kikosi kimoja cha jeshi kilikuwa kinatafuta chakula cha kuwapa askari wakiwa porini. Kiwe hakipikwi, hakiozi, na kinabebeka mgongoni bila kumvunja mtu kiuno. Walichokuwa nacho kilitoka kiwandani kwenye vifuko: biskuti, nyama ya chumvi, na wali fulani ambao niliuonja mwenyewe, na sitaurudia mpaka naingia kaburini. Afisa lishe akawaambia kuna akina mama wa Itilima wanatengeneza matobolwa. Tukaitwa Bariadi.

Kwa asiyejua, matobolwa ni viazi vitamu. Unavichemsha na maganda yake, unamenya, unakata vipande, unaanika juu ya majabali mpaka jua livikaushe kabisa. Mwaka unaisha, havijaharibika. Babu zetu walifuata ng'ombe mbugani wiki nzima na kifuko cha matobolwa kiunoni, wakarudi wamenona kuliko ng'ombe wenyewe. Kikundi chetu kina wanawake kumi na wanane, mimi mwenyekiti, Justina katibu, na msimu ule tulikuwa tumejaza magunia kumi na moja.

Lakini mimi nilikuwa na langu moyoni. Mwanangu Malimi ni koplo katika kikosi hicho hicho. Siku alipokwenda mafunzoni mara ya kwanza nilimfungia mfuko wa matobolwa, mama gani asingefanya hivyo? Wenzake wakauona. Mmoja akachukua kipande akakigonga kwenye sahani ya bati, kikalia kweli, basi wakacheka mpaka wakashika matumbo. Wakampa jina Kokoto. Alipokuja likizo nilimfungia mfuko mwingine, nikaukuta nyuma ya mlango yeye akiwa ameshaondoka. Nilimpigia simu. Akasema, "Mayu, mama yangu, hicho ni chakula cha huko nyumbani tu."

Cha huko! Huko ndiko nilikokuzalia, mjinga wewe! Hayo sikuyasema, nilikata simu nikanyamaza. Na mimi nikinyamaza jueni ninaumwa. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu: jeshi liyakubali matobolwa, na Malimi awepo aone.

Basi siku ya kuonja tukaingia kwenye ofisi yao na sinia letu. Kapteni Sylvester ni mtu wa Moshi, mrefu, mpole, kanyoa kichwa kinang'aa. Akachukua kipande kinene, akaking'ata kwa nguvu zote.

"Aaah!" Akashika shavu, machozi yakamtoka. "Mama, hiki si chakula. Hii ni silaha!"

Ofisi nzima ikacheka. Justina akainamisha kichwa. Mimi damu ikanipanda.

"Kapteni, kwani wewe umeng'ata?"

"Sasa nifanyeje, mama? Nikipigie simu?"

Hapo ndipo nilipoliona kosa letu, na kosa lile angelifanya Msukuma peke yake. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kumfundisha mtu kula matobolwa. Mtoto anajua tangu yuko mgongoni: unaliweka shavuni, unaliacha litulie, linalainika lenyewe, utamu unatoka taratibu ndipo unatafuna. Tulikuwa tumeandaa kila kitu, tumepepeta, tumefunga vizuri na karanga za kukaanga ndani, na hakuna hata mmoja kati ya wanawake kumi na wanane aliyekumbuka kwamba duniani kuna watu wasiojua.

Nilimweleza. Akanisikiliza huku anasugua taya. Mwisho akasema, "Nitawapa nafasi moja. Askari arobaini wanatembea siku mbili kutoka hapa mpaka Mwamapalala kwa kupitia mbugani. Kila mmoja atabeba vifuko vya kiwandani na mfuko wenu, ale anachotaka. Mkifika, kila kilichobaki kinarudishwa na kupimwa. Ukimwuliza askari chakula kikoje atakuambia kitamu, afande. Mabaki hayamwogopi afande."

"Na yetu yakirudi?"

"Yakirudi, mama, tusisumbuane tena."

Njiani Justina akaanza. Tuyakaange kwa mafuta, tuyatie sukari, tuyasage yawe unga, wasije wakatucheka tena. Nikamwambia thubutu! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukishayatia sukari hayo si matobolwa, ni aibu yetu tumeipaka utamu. Nilichoomba kwa Kapteni ni dakika kumi za kusimama mbele ya askari wake kabla hawajaondoka.

Nikapewa. Asubuhi ile niliwakuta wamejipanga mistari minne, mabegi mgongoni. Nikawasalimia "Mwangaluka!" wakaitika watatu tu, wengine wakatoa macho. Nikapita mbele yao na kipande mkononi.

"Weka shavuni! Usitafune! Ukitafuna meno ni yako, usije ukanidai! Hesabu mpaka mia mbili!"

Wakacheka, wakaweka. Arobaini wakavimba shavu moja, na sajini wao Constantine akavimba kuliko wote. Nikaukagua mstari mpaka nikafika kwa Malimi. Anatazama mbele, hanijui. Mwanangu wa kumzaa, niliyemlea kwa matobolwa tangu hajaota meno, akachukua kipande, akaking'ata kama mgeni. Kikalia kaa! Kisha akakunja uso, askari wa pembeni wakacheka naye.

Wazee walisema mkataa kwao ni mtumwa, na siku ile nilimwona mtumwa wangu amevaa sare, amepiga buti zinang'aa. Niliumia jamani. Niliumia mpaka Justina akanishika mkono tukaondoka.

Siku mbili zile sikula vizuri. Siku ya pili saa sita mchana tulikuwa kwenye ghala la ushirika Mwamapalala, mahali tunapouzia pamba, mizani ikining'inia kwenye boriti. Kapteni amefika na gari, ana daftari. Jua kali, vumbi, upepo wa mwezi wa nane mnajua ulivyo. Tukawaona wanakuja barabarani. Wamechakaa, nguo nyeupe kwa vumbi, lakini miguu inakwenda. Na wanaimba. Nikamwambia Justina, watu wenye njaa hawaimbi hivyo.

Kapteni akaamuru mabaki yatolewe. Kwanza vya kiwandani. Biskuti zikamwagwa kwenye gunia, nyama ikafuata, wali ukafuata, gunia likajaa, wakaleta la pili. Wakalitundika la kwanza kwenye mizani ya pamba, mshale ukazunguka.

"Sasa ya akina mama," akasema Kapteni.

Wakapita mmoja mmoja wakitumbukiza mifuko. Arobaini wakapita. Gunia likatundikwa, likaning'inia kama shati kwenye kamba. Mshale haukusogea. Kapteni akaigonga mizani kwa kidole. Haukusogea. Akaingiza mkono mwenyewe ndani ya gunia, akatoa mifuko mitupu na maganda machache ya karanga.

Lo! Nilipiga kigelegele, na kigelegele changu mimi kinasikika Lagangabilili. Wanawake wakadakia. Justina analia anacheka, kanga imemdondoka hajui.

"Tulieni kwanza, mama zangu," Kapteni akasema, lakini naye anatabasamu. "Sajini, nieleze."

Sajini Constantine akapiga hatua mbele. "Afande, siku ya kwanza tulikula nyama na biskuti. Leo asubuhi boza la maji liliharibika njiani, maji yakawa ya kugawana. Biskuti zikageuka vumbi mdomoni, nyama ikatuongezea kiu. Tukakaa chini. Koplo Malimi hakukaa. Anatembea tu, shavu limevimba. Tukamwuliza, akatuonyesha. Kipande shavuni, mate yanajaa, na kikishalainika unatia karanga mbili, siyo tatu, ndipo unatafuna. Hatukusimama tena mpaka hapa."

Karanga mbili, siyo tatu. Mimi pale mstarini sikuwa nimefundisha habari ya karanga. Hata Justina hali hivyo, yeye anajaza kiganja. Karanga mbili ni ya nyumbani kwetu, ya marehemu mama yangu Nyanjige, aliyekuwa akitupiga vidole tukichukua ya tatu.

"Koplo Malimi!"

"Afande!"

"Nani alikufundisha ya karanga?"

Malimi akatazama buti zake. Wenzake wote wanamtazama, na kutoka mstari wa nyuma mmoja akanong'ona, "Kokoto huyo." Nikajua sasa mwanangu atanikana tena.

"Mama yangu, afande."

"Yuko wapi huyo mama tumshukuru?"

"Ndiye huyo anayekugombeza tangu mwezi uliopita, afande."

Kicheko kilicholipuka pale kiliwarusha njiwa wa ghalani. Kapteni alicheka mpaka akashika tena lile shavu lake. Na yule wa mstari wa nyuma akapaza sauti, "Kokoto! Umebakiza?" Malimi akageuka, anacheka meno yote nje, "Mwone mama mwenyewe! Mimi langu limekwisha!"

Kapteni akafungua daftari. Akasema mbele ya wote kwamba kuanzia msimu huu matobolwa yataingia kwenye mgao wa porini wa kikosi chake, na magunia yetu kumi na moja ni mwanzo tu. Akauliza juu ya mfuko yaandikwe maelezo gani.

"Andika: weka shavuni, usitafune," nikamwambia. "Na chini yake: karanga mbili."

"Siyo tatu," akasema Kapteni, akaandika.

Askari walipopewa ruhusa ya kupumzika, Malimi akaja. Nilikuwa nimemwandalia maneno, jamani, tangu siku ya ule mfuko nyuma ya mlango nilikuwa nimeyapanga kinywani kama kuni. Akafika, akavua kofia, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya kikosi kizima.

"Mayu, hayajabaki hata kidogo?"

Maneno yote yakanipotea. Nikafungua pindo la kanga, kilikuwemo kipande kimoja, nilikuwa nimejiwekea mwenyewe. Nikampa.

Alikiweka shavuni. Hakung'ata.