Jiko Nyuma ya Mlango

Khisa alikuwa mpanga mabehewa katika stesheni ya Nakuru, na kazi hiyo aliijua barabara. Mvua ingempiga usoni, naye angeunganisha behewa la pareto na behewa la mbao za Elburgon bila kukosea. Lakini kusonga ugali kulimshinda, kwa sababu hakuwahi kujaribu. Ujanani alikaa chumba kimoja na makapera wawili, mmoja wao akipenda kupika, na alipotoka hapo akamwoa Naliaka. Kuna wanaume wanaopita duniani hivyo, sahani inawafuata na hawaulizi ilikotoka.

Basi mwaka wa 1958, mvua za masika zilipokuwa zikiisha, Naliaka akaanza kukohoa damu. Hospitalini walisema ni kifua kikuu, wakamlaza, wakasema sindano zitachukua miezi. Kabla ya kuingizwa wodini alimwambia mumewe jambo moja tu, asiwatawanye watoto. Akitoka anataka awakute mahali pamoja, na baba yao. Khisa akaahidi, na ahadi hiyo haikuwa ya mdomoni. Yeye mwenyewe alikuwa yatima, aliyekulia kwa wajomba zake kule Kimilili, leo kwa huyu kesho kwa yule, na mpaka utu uzima aliijua ladha ya chakula unachopewa kwa kuonewa huruma. Hakutaka wanawe waijue.

Watoto wenyewe walikuwa wawili. Nelima alikuwa na miaka sita, msichana wa maneno mengi, na Khaemba alikuwa hajatimiza minne. Mchana waliangaliwa na jirani wa ng'ambo ya uchochoro, Adero, mke wa fundi wa injini. Adero alikuwa na watoto wake watano na moyo mkubwa kuliko chumba chake. Jioni Khisa aliwachukua, akawashika mkono, akaenda nao hoteli ya Thuo, nyuma ya soko.

Hoteli ya Thuo haikuwa mbaya. Madondo yake, yale maharagwe ya kuchemsha, yalikuwa yameiva na chai ilikuwa na maziwa ya kweli. Lakini ilikuwa hoteli ya wanaume waliotoka kazini, wenye kelele, matusi na haraka. Nelima aliacha kusimulia mambo yake kwa sababu hakuna aliyemsikia. Khaemba alisinzia mezani kila siku, akarudi nyumbani begani mwa baba yake na tumbo limejaa gesi. Na kitoto cha miaka mitatu kikikaa miezi miwili kati ya watu wanaomwita mhudumu ng'ombe, kitajifunza nini?

Alichojifunza kilijulikana siku bibi yake alipofika. Mama yake Naliaka alishuka kwenye gari la moshi kutoka Bungoma na kikapu cha unga wa wimbi, akaja mpaka landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, akainama kumkumbatia mjukuu. Khaemba alikuwa akichezea kizibo, akaona amezibiwa njia. "Sogea wewe ng'ombe," akasema, kwa sauti ile ile ya watu wa hotelini.

Hapo lazima nieleze jambo la mila. Kwa Wabukusu, kabila la Khisa na mkewe, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana mpaka inakuwa taabu. Hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali pamoja, na mama mkwe haingii kabisa katika chumba anacholala mkwewe. Sasa landi za reli zilikuwa chumba kimoja kimoja, ndicho cha kulala, kupikia na kupokea wageni. Waliozichora bila shaka hawakuwa na mama wakwe, au walikuwa nao wakawaacha ng'ambo. Kwa hiyo mama huyu alilala kwa Adero, na kila neno alilotaka kumwambia Khisa lilipitia kwa Adero, hata kama Khisa mwenyewe alikuwa amesimama hatua chache tu, ameuelekeza uso wake kwenye reli.

Jioni ile neno lilikuwa zito. Bibi alimwambia Adero amwambie mwenye nyumba kwamba watoto wasio na jiko kwao hawana kwao. Yeye hawezi kukaa Nakuru, palizi ya wimbi inamngoja. Mwezi ukiisha atapanda gari na wajukuu wote wawili, basi mwenye nyumba amwombee pasi ya reli ya mtu mzima na watoto wawili.

Adero akaanza kulirudia. Khisa alikuwa amelisikia lote, lakini akangoja lirudiwe, kwa adabu, na lilipofika mara ya pili lilimchoma zaidi. Alijua wakienda watagawanywa. Bibi amezeeka, mmoja ataenda kwa mjomba huyu, mwingine kwa yule. Akafungua mdomo kabla hajafikiri.

"Mwambie mama watoto watakula nyumbani. Nitapika mwenyewe."

Adero alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi hakucheka. Alijibu, kwa kupitia kwa Adero aliyekuwa bado anafuta machozi, kwamba mwezi bado haujaisha, na macho anayo.

Macho ndiyo yalikuwa taabu. Kwamba mwanamume anapika halikuwa jambo geni landi, makapera walipika barazani kila siku. Lakini mwanamume mwenye mke, kuonekana na mama mkwe wake ameinamia sufuria, kwa Khisa ilikuwa karibu sawa na kuonekana akioga. Mlango wake na mlango wa Adero ilitazamana. Kwa hiyo alilitia jiko la makaa ndani, akaufunga mlango kwa komeo, akaacha dirisha dogo la juu wazi ili moshi utoke. Adero alimwambia mficha uchi hazai. Khisa akasema yeye ameshazaa, asante.

Ugali wa kwanza ulikuwa uji wenye mawe. Waliula. Wa pili uliungua chini ukawa mbichi juu, nao wakaula. Mwalimu wake alikuwa Nelima, ambaye hakuweza kuinua sufuria lakini alikuwa amemtazama mama yake vizuri, na alijua kwamba unga hautiwi mpaka maji yaruke, na kwamba mboga ya mrenda ikichanganywa na kunde haihitaji mafuta mengi. Alimkaripia baba yake kama mama mtu mzima. Siku ya nne au ya tano ugali ukasimama. Khaemba akagundua kwamba chini ya sufuria kuna ukoko, na kwamba ukoko ni mtamu, na kuanzia hapo kila jioni ikawa ni vita na kelele juu ya ukoko.

Chakula kilikuwa kile kile cha watu wote. Ugali na kunde, viazi vya kuchemsha na maziwa ya mgando, dagaa wa omena ambao Adero aliletewa kutoka Kisumu. Wakala wote watatu katika sinia moja juu ya mkeka, kwa kuwa meza haikuwapo. Na mambo yakaanza kujitokeza ambayo Khisa hakuyajua. Alijua sasa kwamba Nelima anaogopa kupita karibu na tangi la maji, na kwa nini. Alijua kwamba Khaemba hapendi kulala kabla hajaambiwa injini gani imelala wapi. Gesi ya tumbo ikaisha, na ng'ombe akarudi kuwa mnyama. Khisa naye, aliyezoea kufika hotelini akiwa na hasira ya siku nzima, aliona kwamba hasira inapungua mtu akichambua kunde. Jumapili walimpelekea Naliaka kiasi katika bakuli. Alionja, akasema chumvi ni nyingi, akamaliza yote. Khisa alifurahi kama aliyepandishwa cheo.

Bibi alikuwa wapi wakati huo? Kila jioni alikaa kizingitini kwa Adero, mgongo ameuelekeza kwenye mlango wa mkwewe, akichambua mchele au asichambue kitu. Khisa aliamini anahesabu makosa.

Mwezi huo ulikuwa Julai, na baridi ya Julai ya Nakuru si ya mchezo. Siku za mwisho za mwezi, Khisa alitoka kazini amelowa, akawasha jiko, akabandika maharagwe. Maharagwe hayaendi kwa haraka ya mtu. Akaongeza makaa. Upepo wa mvua ukageuka ukaanza kuingiza maji dirishani, juu ya kitanda, basi akachukua gunia akaliziba dirisha lile. Mlango alikuwa ameufunga kama kawaida. Chumba kikawa na joto zuri.

Nelima akasema kichwa kinamuuma, akaenda kujilaza. Khaemba alikuwa amelala tayari kwenye mkeka. Khisa akadhani ni baridi na njaa. Alijiambia atakaa kidogo juu ya kigoda mpaka maharagwe yalainike, kisha awaamshe. Miguu ilikuwa mizito, na akili yake ilikuwa inazunguka polepole juu ya jambo moja, kwamba kuna kitu anapaswa kukifungua, akashindwa kukumbuka ni kitu gani.

Kilichofuata aliambiwa na Adero. Mama alikuwa ameketi mahali pake, akainua kichwa ghafla, akauliza kama watoto wamekula hotelini leo. Adero akasema hapana, wamo ndani. Mama akasikiliza tena. Halafu akasimama, akavuka ule uchochoro katika mvua, akaupiga mlango wa mkwewe kwa bega. Komeo likang'oka mara ya pili au ya tatu, na mwanamke yule, ambaye tangu binti yake aolewe hakuwahi kulikanyaga hata baraza la mkwewe, akaingia katika chumba anacholala akamtoa Khaemba, akarudi akamtoa Nelima, akarudi tena pamoja na Adero wakamburuta Khisa kwa mikono yake yote miwili.

Khisa alizinduka amelala matopeni, mvua ikimwingia mdomoni. Alisikia Nelima akilia na Khaemba akitapika, na sauti hizo mbili zilikuwa nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kusikia. Akageuza kichwa. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, mtoto mapajani, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Khisa akamtazama usoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaona ni uso wa Naliaka. Akalia mbele ya landi nzima, na hakujali.

Kesho yake hakuna aliyehitaji kumweleza habari ya sumu ya makaa. Mtu aliyekaribia kuwaua wanawe kwa maharagwe hana la kudai. Kazini aliunganisha mabehewa siku nzima, na jioni akarudi amekata shauri. Alipofika, akakuta jiko lake limetolewa nje, liko mbele ya mlango wake wazi, linawaka, na sufuria ya maji juu yake. Bibi alikuwa kwenye kizingiti cha Adero. Safari hii hakuwa amegeuza mgongo. Watoto walikuwa wameketi karibu naye, rangi imerudi. Makapera wote walikuwa barazani wakijifanya wana shughuli.

Khisa akauelekeza uso wake kwenye reli, akamwambia Adero amwambie mama kwamba alimwahidi Naliaka jambo na limemshinda. Kesho asubuhi ataomba pasi.

Adero akafungua mdomo. Bibi akainua mkono, Adero akaufunga.

"Khisa," akasema yule mama.

Barazani kila kitu kilisimama. Khisa hakujua aangalie wapi, akaangalia miguu yake.

"Mimi nilikaa hapa kila jioni nikisikiliza hawa watoto wakipigania ukoko," mama akasema. "Huyu anapiga kelele, huyu anasema baba ameona, wewe unagawa. Jana nilingoja hiyo kelele, haikuja. Ndiyo nikajua. Kama ungekuwa unawalisha kwa hoteli, nani angejua wamenyamaza?"

Khisa akaligeukia komeo lililong'oka.

"Na hiyo mlango ulifunga sababu yangu. Heshima ya kuniulia wajukuu, mimi siitaki. Mambo ya kuingia kwako tutatengeneza na wazee Naliaka akipona, utaleta blanketi, mimi nitaleta kuku, itaisha." Akavuta pumzi. "Kesho omba pasi ya mtu mmoja. Mimi narudi kwa wimbi yangu. Sasa songa ugali nikikuona, maji imechemka."

Mmoja wa makapera akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko, na Adero akamtazama, akanyamaza. Nelima alikuwa tayari ameshaleta mwiko. Khisa akavua koti lake la kazi, akaketi juu ya kigoda mbele ya mama mkwe wake na mbele ya wanaume wote wa landi, akatia unga.