Picha za Hina Zilizokuwa D

Haya nilisimuliwa na Khadija, mke wa mwanangu, Ijumaa iliyopita tukichagua mchele. Na yeye aliyapata kwa Hasina mwenyewe, yule mpiga picha za harusi wa Chumbageni.

Hasina hupiga picha za wanawake tu. Siku ya hina, wanawake wakiwa vichwa wazi, simu zote hukusanywa mlangoni zikatiwa kapuni. Kamera inayoingia ndani ni yake peke yake. Ndicho chakula chake kile, na neno lake ni moja: mashine yangu haishikwi na mwanamume.

Kwa hiyo laptopu yake ilipoingia virusi ikawa inajikokota kama konokono, hakuipeleka kwa fundi. Alijifundisha. Akatia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi, akaiwasha laptopu kwa flashi ile, akaona inakwenda mbio. Wiki nzima akaichezea: leo Linux ya namna hii, kesho ya namna ile, mara abadili rangi, mara ahamishe vitufe, anacheka peke yake. Mwisho akasema, sasa naipiga moja kwa moja ndani ya laptopu, Windows iende zake.

Humo mlikuwa na picha za hina ya Shahd, binti wa Bi Zeyana, hazijakabidhiwa bado. Alikuwa amezihifadhi kwenye diski ya D, kama mafundi wanavyoelekeza siku zote: weka vitu vyako D, hata ukipiga Windows upya D haiguswi. Basi kioo cha laptopu kilipomuuliza, nifute diski yote? akabonyeza ndiyo. Alidhani inafutwa C tu, inamokaa Windows.

Kumbe C na D ni diski moja, imekatwa vipande viwili kama muhogo. Linux ilipowaka, mpya, inang'aa, D haikuwepo. Kadi ya kamera alikwisha kuifuta kwa ajili ya harusi ya Kigombe. Na katika picha zile alikuwemo mama yake Bi Zeyana, bibi kizee aliyesimama na mkongojo wake akacheza mbele ya mjukuu, na wiki tatu baadaye wakamzika.

Siku mbili Hasina hakula akashiba. Siku ya tatu asubuhi akampigia Timotheo, fundi wa kompyuta.

"Dada, usihifadhi kitu tena humo! Kila unachoweka kinakalia picha zako. Izime, niletee. Zinarudi, japo si zote."

"Sileti."

"Nitafumba macho."

"Ufumbe macho, utengeneze kwa pua?"

Timotheo akacheka, lakini akaja, maana yeye ndiye aliyemfundisha habari ya D. Akaketi barazani, nje ya dirisha, pazia limeshushwa. Hasina ndani akaiwasha laptopu kwa flashi, akachomeka diski ya nje, akawa anasoma kila neno kwa sauti, na lisilotamkika akalitaja herufi kwa herufi.

"Inauliza pa kuziweka."

"Diski ya nje, dada! Ya nje! Ukikosea hapo tumezika."

Wapita njia wakageuza shingo. Adhuhuri ilipoadhiniwa, programu ya kurudisha picha ilikuwa inatafuta, inahesabu moja moja. Timotheo akaenda zake. Hata saa haikutimia, hodi. Bi Zeyana.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikuja. "Nimeambiwa mwanamume ameshinda dirishani kwako anakuamuru. Mwanangu anatazamwa na nani, Hasina?"

Hasina angeweza kusema ni fundi wa umeme. Neno lilifika ulimini, akalimeza. "Hakuona kitu, mama. Alikuwa nje, pazia liko chini. Lakini picha nimezifuta. Kwa mkono wangu huu."

Bi Zeyana akashika mwimo wa mlango. "Na za mama?"

"Sijui. Bado inatafuta."

"Zimefutika tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Kufuta ni ajali. Kunificha, hilo ulikaa ukalichagua."

Akavua baibui, akaketi mkekani mbele ya kioo. "Sitoki. Nitaona kwa macho yangu kinachotoka."

Wakakaa bega kwa bega, macho kwenye hesabu. Baada ya Alasiri hesabu ikasimama, Hasina akaanza kufungua. Picha hazina majina, nambari tupu. Nyingi zimekuwa kijivu nusu. Mikono yenye hina. Shahd anacheka, hana kipaji cha uso. Viatu, viatu, sinia la vileja. Video haikurudi hata moja. Jua lilikuwa limeshaegemea ukutani walipofika kwenye mgongo wa bibi kizee, mtandio umeteleza, mkono mmoja juu ya mkongojo. Uso haumo.

"Ndiye," akasema Bi Zeyana. "Kisogo chake." Akakigusa kioo kwa kidole.

Nyingine ya bibi haikupatikana. Hasina akaichomoa diski ya nje akamkabidhi, kisha akaizima laptopu mbele yake. Bi Zeyana akavaa baibui lake.

"Sitakutangaza kwa watu, hilo sikufanyii. Lakini mimi Zeyana sikuiti tena. Na wakiniuliza nani alipiga za Shahd, nitanyamaza, nao watajua."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Kusamehe na kukuita tena si jambo moja."

Akatoka. Hasina akaswali Magharibi, akangoja Isha akaiswali, wali ukabaki sufuriani haujaguswa. Simu ikaita mara mbili, Timotheo anataka kujua zimerudi ngapi, hakupokea. Akajilaza pale pale mkekani, nafasi ya Bi Zeyana bado ina joto, au ndivyo alivyohisi, akageukia ukutani. Usingizi ulikawia, lakini ulikuja.