Fremu ya Kubebwa Begani

Jumanne, tarehe tisa Aprili 2024, mvua ilizoa daraja la miti, na Hafidha, mke wa Mzee Halidi, akakata roho kwenye machela akiteremshwa kutoka kijijini kwao mlimani, kabla ya kufika mjini. Sasa binti yao ana mimba ya miezi minane huko huko mlimani, na Halidi yuko dukani Morogoro anachagua fremu ya baiskeli.

Hakuipanda. Aliitupia begani, kama wafanyavyo Waluguru kwenye mpando, akatembea nayo mpaka mlangoni na kurudi.

"Hii ya chuma itaniua. Nipe ya alumini. Itahimili mawe nikiteremka kumfuata mkunga?"

"Itahimili, na mjini itapenya kwenye foleni," fundi alisema.

Diwani wa kata ya Halidi, aliyeleta pikipiki kuzibwa pancha, akaangua kicheko. "Shikamoo, mzee! Na mvi hizo, baiskeli ya kurukia mashimo?"

Halidi hakuitikia shikamoo ile. Aliitua fremu miguuni pa diwani.

"Mashimo ni yenu. Vigingi vya barabara mlivichomeka Hafidha akiwa hai, mkapiga na picha. Barabara yenyewe iko wapi?"