Isakwisa Kwenye Benchi

Esnath, mfanya usafi wa ofisi, alikuwa akikamua dekio ndani ya ndoo pale Ikupa alipobonyeza kitufe cha kompyuta, na Isakwisa, mdogo wake Ikupa, akatokea kwenye benchi la mbao karibu na mlango, taya likining'inia, sikio moja limechanika.

"Nyanyua miguu, baba, nipige deki," Esnath akamwambia. Akanyanyua.

Ofisi hiyo ya Iyunga, juu ya duka la mabati, hutunza kumbukumbu za mgodi mmoja wa Makongolosi. Kazi ina utaratibu wake. Ukiandika jambo kwenye faili, bado ni maneno yako tu. Ukiridhika nalo, unalipeleka benchi. Lililoko benchi ndilo litakaloingia kwenye historia ukikomiti, yaani ukiiamuru mashine ilihifadhi moja kwa moja, na likishaingia, limeingia. Kwingine benchi liko ndani ya mashine, halionekani. La Iyunga lilichongwa na seremala wa Mbalizi, na limeshabeba mengi, hata mbuzi wa msimamizi.

Tena kitu hukaa pale vilevile kilivyopelekwa. Badilisha faili mpaka vidole viote sugu, cha benchi hakitikisiki hadi ukipeleke upya.

Asubuhi hiyo walinzi wa mgodi walikuwa wamemkuta Isakwisa akiokota mawe ya mabaki. Wakamshika mikono, na mkuu wao, Silvester, akamshindilia mpini wa sururu mpaka mpini ukavunjika. Wachimbaji wakampigia Ikupa simu. Akaandika alivyosimuliwa, akapeleka benchi. Mchana simu ikalia tena: Isakwisa amefia hospitali. Pale benchi alikuwa bado anapumua, akitema meno kwenye kopo aliloshikiwa na Esnath.

"Ndaga, mama," alishukuru.

Ikupa aliumia, tusidanganyane. Alimfuta damu kwa kitenge chake huku analia.

"Nani kakupiga?"

"Silvester, dada. Kwa mpini."

Alitaka kitu kimoja tu, mdogo wake aingie kwenye historia akisema hivyo. Ila ruhusa ya kukomiti alikuwa nayo bosi peke yake, na bosi, Edmund, alikuwa kwao Iringa kwenye ubatizo.

Aliporudi alimpa Isakwisa mkono. "Pole sana, kijana," akasema. Kisha akamgeukia Ikupa. "Dada, mgodi wanasema kaanguka shimoni. Rekebisha faili."

Ikupa hakubisha. Mwenye nguvu mpishe. Akaandika kwenye faili kwamba marehemu alianguka shimoni, ila hakulipeleka benchi upya. Akakunja mikono, akasubiri bosi akomiti.

"Silvester," Isakwisa alikuwa akisema pale mlangoni. "Kwa mpini."

Edmund akamsikiliza kidogo. Hakukasirika. Kazi hii aliianza kabla ya Ikupa. Aliketi, akaandika amri ya kukomiti, akaiongezea herufi a, ile inayozoa kila kilichobadilika kwenye mafaili bila kujali benchi limebeba nini. Akabonyeza.

Isakwisa akanyanyuliwa hadi darini, akaachiwa. Sikio lilijiunga. Alama za mpini zikafutika mgongoni. Halafu paja likavunjika, mfupa ukatokeza nje, mbavu zikabonyea, kisogo kikapasuka. Esnath akaisogeza ndoo ili isijae damu.

"Nani kakupiga?" Ikupa akauliza.

"Nilianguka, dada."

Akasimama kwa mguu uliovunjika, akaingia ukutani, kwenye historia.

Msibani, wazee waliomwosha hawakuona alama hata moja ya mpini. Silvester alileta gunia la mchele, wakampa kiti cha mbele. Ikupa ndiye aliyempakulia.

Alipoanza tena kazi, mgodi walikuwa wametuma habari kwamba Silvester amepandishwa cheo. Ikupa akaiandika, akaipeleka. Silvester akatokea kwenye benchi lililokuwa limekauka vizuri, buti zinang'aa, akaomba chai.

"Nani alimpiga mdogo wangu?" Ikupa akamuuliza.

"Alianguka, dada. Pole sana."

Esnath akamletea chai, na sukari.